Modemu Iliyokuwa Ikijizima

Wifi yangu ana sauti mbili. Ya kwanza ni ya kazini: laini, ina tabasamu ndani yake, inasema "karibu" kama ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha. Ya pili ni ya nyumbani, nayo ni masalio tu ya ile ya kwanza. Ukimpigia jioni atakujibu kwa mm na mhm, na ukimuuliza kama amekasirika atasema hapana, ni maneno tu yamemwishia. Mwanzoni nilikuwa nikinuna. Mimi ni msusi, nashinda nimesimama nikisikiliza mambo ya watu, na jioni bado ninabakiwa na maneno ya kutosha kugombana na kaka yake, ambaye ndiye mume wangu. Nilidhani wifi ananiringia. Haikuwa kuringa.

Kazi yake ni kupokea simu za watu walioharibikiwa na vyombo. Kuna kampuni inayouza majokofu, mashine za kufulia, pasi na feni, na kila mtu ambaye jokofu lake limemwozeshea nyama hupiga simu akiwa amekwisha kasirika, na hasira hiyo huingia moja kwa moja masikioni mwa wifi yangu. Zamani walikuwa wakiifanya kazi hiyo katika ukumbi mmoja mkubwa, kila mtu na kijimeza chake na kijiukuta cha mbao. Kisha kampuni ikaona ukumbi ni gharama bure. Ikawapa kompyuta na hedifoni, ikawaambia wakafanyie kazi majumbani. Walishangilia. Wifi naye alishangilia, maskini, maana alikuwa bado anaamini kwamba nyumbani ni mahali pa kupumzika.

Nyumba yenyewe iko juu ghorofani, ngazi zake zinavunja magoti, na ina sebule na vyumba viwili. Kimoja wanalala wanawe. Kingine analala yeye na mama yake, na ndicho alichokigeuza ofisi. Asubuhi godoro la mama linasimamishwa ukutani upande wa ngazi ili vishindo vya majirani visimfikie mteja. Meza ni ile ya watoto ya kufanyia kazi za shule; ni fupi, kwa hiyo magoti ya wifi yanashinda yakigusa ubao wa chini, na jioni yana alama nyekundu. Mlango ukishafungwa, hakuna kubisha wala kuita, maana simu zote zinarekodiwa na mteja akisikia mlio wa sufuria inakuwa kesi. Mume wake alipata kazi mbali, simu zake zikawa fupi, kisha zikawa za nadra, tukaacha kumtaja. Kila anayekula katika nyumba ile anakula kwa ile sauti ya kwanza.

Na sauti hiyo ina maneno yake ya lazima. Kabla hajamtuma fundi kwa mteja, kampuni inamtaka aseme: "Tafadhali izime ukutani, subiri kidogo, kisha iwashe tena." Anayasema kwa mwenye jokofu, anayasema kwa mwenye feni, na wakati wa joto dirisha likiwa wazi yanasikika mpaka uani wanakoanika nguo. Ndiyo maana pale mtaani wamembatiza Subiri Kidogo. Watoto wakimwona anapanda ngazi na mfuko wa mboga wanamkaririshia maneno yote mpaka mwisho, naye anacheka kidogo ili wasijisikie vibaya. Kinachochekesha zaidi ni kwamba dawa hiyo mara nyingi inaponya. Watu wanazima, wanawasha, chombo kinanguruma, wanamshukuru kama daktari.

Sebuleni anakaa mama yake, yaani mama mkwe wangu. Huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi. Amestaafu, lakini umatroni haujamtoka: anakagua kucha za wajukuu, anakunja nguo za nyumba nzima hata zile ambazo hazijakauka vizuri, na ukimwamkia anakutazama macho kwanza ajue kama ulilala. Mimi nampenda, ingawa aliwahi kuniambia mbele ya wageni kwamba sijui kutandika kitanda. Kiti chake ni kochi lililo karibu na jokofu, na juu ya jokofu ndiko ilikowekwa modemu, kwa sababu waya wa mtandao ulipitishwa kwenye tundu la dirisha la sebuleni. Mafundi walioupitisha hapo hawakuwa watu wa kuulizwa maswali. Kuuhamishia chumbani kulihitaji maombi, na maombi hayo yalikuwa bado yanashughulikiwa.

Modemu ikaanza kukatika. Wifi yuko katikati ya maongezi, mteja anamweleza jinsi mashine ya kufulia ilivyomtafunia shuka, mara kimya. Anatoka mbio na hedifoni shingoni, anaikuta modemu ndiyo kwanza inajiwasha upya, taa zinapepesa moja moja, nyekundu, nyekundu, kisha kijani moja, kisha nyekundu tena. Kifaa kile kikianza upya hakina haraka. Hadi kirudi, mteja ameshapiga tena na kumtukana mtu mwingine. Hapo wifi anakuwa hana la kufanya. Anakaa kwenye kochi, anashika kichwa.

"Kimezima tena?" anauliza.

"Kimezima," mama anajibu. "Lakini kimeshawaka, mwanangu, usihofu. Kaa kwanza. Kunywa chai."

Ikawa hivyo siku nyingine mara moja, siku nyingine zaidi. Fundi wa kampuni ya mtandao alikuja, akachomeka kidude chake kwenye waya, akatikisa kichwa. Laini ni safi, alisema, haina tatizo lolote. Modemu ndiyo inajizima yenyewe, imezeeka. Mume wangu, ambaye ni mtaalamu wa kila kitu ambacho hakukisomea, akatoa hukumu yake kwamba ni joto la jokofu. Akaishusha modemu, akaiweka juu ya kigoda kando ya kochi, akaichomeka kwenye soketi ya hapo hapo chini. Akajipongeza wiki nzima. Modemu ikaendelea kujizima, tena zaidi ya mwanzo.

Ndipo msimamizi wa wifi alipompigia. Wifi hajawahi kumwona huyo mtu. Anamjua kwa sauti tu, sauti ya mtu anayetafuna kitu. Akamwambia, "Dada, wateja wanakupenda, sina ugomvi na kazi yako. Lakini kukatika kwako kumezidi, na huku juu wanaona. Wiki ijayo wanaamua nani anaongezewa mkataba na nani anaachwa. Ukiendelea kukatika wiki hiyo, mimi sitaweza kukutetea." Wifi alinisimulia haya akiwa amesimama mlangoni kwangu, hataki kukaa, hataki maji. Kazi nyingine ya kufanyia nyumbani, karibu na mama, ataipata wapi? Nikamwambia kitu kimoja tu ninachokijua: vua viatu.

Siku ya mapumziko yake tulikwenda kutafuta modemu mpya. Alinitaka nifuatane naye. "Twende wote, wifi," alisema. "Mimi nikiulizwa maswali mengi nitalia dukani." Nikafikiri ni utani. Nilipomtazama sikuona utani.

Duka lilikuwa kwenye ule mtaa wa vifaa vya umeme, ambako kila mlango una spika inayopigana na spika ya jirani. Ndani, ukuta mzima ulikuwa modemu: zenye antena mbili, zenye antena nyingi mpaka unajiuliza zinashikwa wapi, nyeusi, nyeupe, moja ina taa za rangi rangi kama ya kuwekwa kwenye sherehe. Muuzaji alikuwa mtu mchangamfu, na mimi wachangamfu wa dukani huwa nawatilia shaka. Nilipomwita mwenzangu, "Wifi, njoo uone hii," akadakia, "Wifi mnaye tayari, sasa mnanunua nini tena?" Utani huo nimeusikia tangu siku ya kwanza mtandao ulipoingia mtaani kwetu. Nilimkazia macho mpaka akakohoa.

"Haya dada zangu, turudi kwenye biashara," akasema. "Laini yenu ni ya aina gani? Ya waya wa simu, ya faiba, au ya kadi? Maana ukichukua isiyolingana na laini, hata iwe ya dhahabu haitasoma kitu."

Wifi akanitazama. Mimi nikamtazama muuzaji. Huyu mwanamke kutwa nzima anawaambia watu wasome kibandiko kilicho nyuma ya jokofu kabla ya kupiga simu, na yeye mwenyewe hakukisoma cha modemu yake. Ikabidi ampigie mama. Mama akavaa miwani, akaigeuza modemu, akatusomea kibandiko herufi kwa herufi, kwa sauti ile ya kuita majina ya mabinti bwenini, na muuzaji akawa anaitikia kila herufi kwa heshima.

"Ni ya faiba," muuzaji akasema. "Basi, tumemaliza kazi kubwa."

Lakini mama alikuwa bado yupo kwenye simu. "Mnakibadilisha cha nini?" aliuliza. "Mbona nakitunza vizuri."

"Tunajua, mama," wifi alisema, akakata.

Muuzaji akaanza kushusha maboksi. Hii kwa wanaocheza michezo ya kompyuta. Hii inapenya kuta hata za benki. Nyumba ina vyumba vingapi, kuta za tofali au za mbao, simu ngapi zinaungwa, watoto wanaangalia katuni? Wifi alikuwa akijibu kwa ile sauti yake ya kazini, na mimi nikiisikia nilijua kwamba anajilazimisha, kwamba hapa dukani napo amejiweka kazini.

"Mimi nataka isiyokatika," alisema mwishoni.

"Dada, hizi zote hazikatiki."

"Hata niliyo nayo niliambiwa hivyo."

Muuzaji akajikuna. Akashusha moja nene kidogo, nzito, kama tofali lililopakwa chokaa. Hii ina betri ndani, alieleza. Umeme ukikatika yenyewe inaendelea, haina habari. Mimi nikasema pale kwetu umeme haukatiki mara nyingi kiasi hicho, tatizo ni modemu. Muuzaji akairudisha. Wifi akanyoosha mkono akachukua nyeupe iliyokuwa karibu naye, yenye antena nne, akaiweka juu ya meza ya kulipia. Sikuona kama amechagua. Alikuwa amechoka kusimama. Nami sikumlaumu, maana nimeona watu wakichagua waume na shule za watoto kwa namna hiyo hiyo.

Ile wiki ya kupimwa ilianza Jumatatu. Jumatatu saluni hatufungui, kwa hiyo nilikwenda kuwapikia chakula cha mchana ili nyumba iwe kimya na wifi asiwe na la kufikiria. Nilikaa kwenye zulia la sebuleni nachambua maharage. Mama alikuwa kwenye kochi anakunja mashati ya shule. Modemu mpya ilikaa kwenye kigoda, taa zote kijani, imetulia, na kutoka nyuma ya mlango ilikuja ile sauti: karibu, pole sana, nakuelewa, izime ukutani, subiri kidogo. Nikajiambia, leo tumefika. Mama alikuwa ananong'ona maneno hayo pamoja naye bila kujijua.

Kabla ya mchana akaja mteja mbaya. Mteja huwezi kumsikia, lakini unamsikia kwenye sauti ya wifi. Pole ya kwanza ilitoka nzima. Pole ya pili ikatoka imepungua. Akaanza kuangusha mwisho wa maneno, anavuta pumzi katikati ya neno, anarudia "nakuelewa" kama mtu anayeyumba na mzigo asijue autue wapi. Mama akaacha kukunja, akainamisha kichwa upande wa mlango. Kisha akaweka shati chini, akamimina chai kikombeni, akakifunika kwa kisahani, akakisogeza mwisho wa kochi. Akajiinua kwa kushika ukuta, akainama kwenye soketi, akabonyeza.

Taa zote zikazimika. Mimi nilikuwa namtazama na maharage mkononi, na akili yangu haikukubali haraka kile ambacho macho yalikuwa yameshaona. Mama akasubiri, mkono bado uko ukutani, ametulia kabisa. Halafu akabonyeza tena, akarudi zake kwenye kochi.

Kiti kilikwaruza chumbani. Mlango ukafunguka, wifi akatoka hedifoni zikimning'inia.

"Imejizima!" alisema. "Wifi, mpya kabisa, na yenyewe imejizima! Basi ni mimi. Mimi ndiye mwenye mkosi."

"Kaa, mwanangu," mama akasema. "Chai yako hiyo."

"Mama," nikasema, "umeizima wewe."

"Nimeizima, ndiyo." Alisema kama mtu aliyeulizwa kama amefunga dirisha. "Ilikuwa imechoka."

Sufuria ilikuwa inachemka jikoni, nikaiacha ichemke.

"Mnanitazamia nini?" mama akauliza. "Si wewe mwenyewe ndiye unayewaambia watu kutwa kucha? Izime ukutani, subiri kidogo, kisha iwashe. Na wao wanakushukuru, nakusikia unavyowajibu. Basi na mimi nakitunza hivyo hivyo. Kile cha zamani bila mimi kingekuwa kimeshakufa siku nyingi."

"Na unajuaje kama kimechoka?" Wifi aliuliza kwa ile sauti ya pili, ya nyumbani, nusu yake haikutoka.

"Nakusikia wewe. Sauti yako ikianza kuburuza miguu, najua mashine imechoka. Nakwenda nazima, inapumzika, mkianza tena sauti yako inakuwa imenyooka. Au siyo?"

Mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka maharage yakamwagika kwenye zulia. Wifi hakucheka. Alikaa pale mwisho wa kochi, akainua kisahani, akainywa ile chai huku akizitazama taa zikipepesa nyekundu, na mama akampangusa kitu begani ambacho hakikuwepo. Simu ikalia. Alikuwa msimamizi. Wifi akamwambia modemu ni mpya, ilikuwa bado inazoea, na yule mtu akatafuna kitu chake kwanza. "Hii nimeifumbia jicho," akasema. "Nyingine sina jicho la kuifumbia."

Alipokata simu alimgeukia mama yake. "Mama, usiizime tena. Tafadhali. Ikikatika tena wiki hii nafukuzwa kazi."

"Nafukuzwa" ilimwingia mama. Uso ulimbadilika, akaweka mikono mapajani. "Haya," alisema. "Sikujua. Sigusi tena."

Na nina hakika alikusudia kutogusa. Lakini mchana huo huo, sauti ya chumbani ilipoanza kushuka, nilimwona mama ameshasimama nusu. Nikamshika mkono wa gauni. Akaketi, akautazama mkono wake kwa hasira. "Umekwenda wenyewe," alisema. "Miaka yote ile bwenini, mkwe wangu, sikuwahi kuona binti aliyejilaza mwenyewe. Utawasihi, utawatisha, hawalali. Lazima mtu apite azime taa." Nikabandika utepe wa plastiki juu ya swichi. Nilipotoka jikoni mama alikuwa anapangusa vumbi, na utepe ameubandua vizuri, ameuviringisha, ameutunza kwenye kikapu cha sindano.

Wifi alipomaliza zamu jioni nikamweleza. Nikamwambia, mimi namchukua mama kwangu wiki hii, nitamtandikia kitanda na asahihishe atakavyo. Mama alikuwa anasikia. Alianza kukunja shati ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Mama yangu hahamishwi kwa ajili ya kidude," wifi akasema. "Wala sitaki mtu akae anamlinda kama mwizi nyumbani kwake. Vaa viatu, twende tukachukue ile yenye betri."

Tulilikuta duka linafungwa. Muuzaji mchangamfu alikuwa ameshachoka na yeye, na kwa mara ya kwanza nikampenda. Akapokea ile nyeupe, akaongezewa kilichopungua, akaitoa ile nene, akaichomeka ili aonyeshe. Taa zikawa kijani. Akaichomoa ukutani. Taa zikabaki kijani.

"Hapa sasa, dada, hata mtu aje azime kwa makusudi, yenyewe haijui," alisema. "Inaendelea tu kutwa nzima."

Nilitarajia wifi afurahi. Aliitazama pale juu ya meza, antena zake zimesimama, waya wake unaning'inia haujachomekwa popote, na inafanya kazi.

"Haizimiki kabisa?" aliuliza.

"Haizimiki."

"Haya. Nifungie."

Nyumbani tulimweleza mama kwa utaratibu. Tukamwonyesha mahali betri ilipo, tukamwambia hiki hakihitaji kupumzishwa, kina nguvu zake ndani, asijisumbue tena kuinuka. Mama alikigusa kwa kiganja kama anayepima homa. Akasema sawa, ameelewa, teknolojia imeendelea. Na wiki ile ikapita bila laini kukatika hata kidogo. Ijumaa msimamizi akapiga simu kusema mkataba umeongezwa, na wifi akanipigia mimi. Nilipiga kelele saluni mpaka mteja akaruka na nywele zake mkononi mwangu. Upande wa pili wifi alisema mm, asante, na nikajua ndiyo furaha yenyewe hiyo, ni kwamba hakubaki nayo nyingi.

Kilichofuata hatukukitegemea. Kumbe kampuni ikiona laini safi, inaimiminia simu. Wale wanaokatika katika wanapewa chache, na zao zinaletwa kwa yule asiyekatika. Wifi akawa anakula mezani pale pale, kijiko mkono mmoja. Alama za magotini zikaanza kuwa nyeusi. Watoto wakirudi shule wanaongea kwa ishara. Msimamizi akamwandikia ujumbe wa pongezi, kwamba ni mfano kwa wenzake, wifi akanionyesha jioni moja, na nikasema hongera kwa kuwa sikujua niseme nini kingine.

Jumatatu moja nikapita tena. Nilipanda zile ngazi nikitukana kimoyomoyo, nikaingia bila kubisha kama ilivyo sheria ya nyumba, nikaketi. Modemu ilikuwa kwenye kigoda, kijani tupu. Mama alikuwa kwenye kochi lake, nguo zote zimekunjwa. Mwisho wa kochi palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Nilikifunua. Chai ilikuwa imepoa, imefanya utando juu.

"Ya nani hii?" niliuliza kwa kunong'ona.

"Ya mwanangu."

Nyuma ya mlango sauti ilikuwa inashuka. Pole sana. Nakuelewa. Ikaanguka mwisho wa neno, ikajiokota, ikaendelea, ikaanguka tena. Mimi kwa kawaida sina subira ya kusikiliza kitu nisichoweza kukirekebisha, na nilitaka niinuke niende jikoni nikagombane na sufuria. Lakini mama alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa, mikono ameilaza mapajani, na sikuweza kumwacha peke yake na sauti ile.

"Hiki kipya ni kizuri?" aliniuliza.

"Kizuri, mama. Hakikatiki."

Akanisogelea, akanishika goti.

"Juzi nilikizima. Usimwambie."

"Mama! Si tulikueleza kwamba kina betri?"

"Mlinieleza, na nilielewa vizuri sana. Mimi siyo mjinga, mkwe wangu." Alikitazama kikombe. "Nilimimina chai, nikazima ukutani, nikakaa hapa nikamsubiri. Hakutoka."